Anayeshukiwa Kwanza

Kanyenye, nyuma ya maduka ya vitenge, kuna nyumba ndefu ya Masolwa, mfanyabiashara wa asali ya Usinge, na chini ya ukuta wa nyumba hiyo kuna benchi. Benchi ni la mninga. Alilitengeneza Jilala, fundi seremala wa mtaa huohuo, kwa mbao za kitanda alichoagiza bwana harusi mmoja kisha ndoa ikavunjika. Ndiyo sababu ni refu kupita kiasi, zito, na halina mwenyewe. Kila siku, walioswali alasiri wakishatoka msikitini na wasioswali wakishachoka kuwasubiri, Shamila hutua jiko lake la mkaa na birika la kahawa, akapanga vikombe, na kijiwe kikawa kimefunguliwa. Jilala wanamwita Mninga, kwa ajili ya mbao na kwa ajili ya ubishi. Mzee Uwesu, mstaafu wa reli, wanamwita Stesheni, maana hata akitaka kusema kikombe chake ni kitupu hutangaza kama treni inaingia. Abdulatifu, fundi simu, ni Redio, hazimi. Shamila hana jina la utani. Walijaribu kumpa, akasema majina ya utani ni ya watu wenye muda.

Kilichowakusanya ni kitabu. Mzee Uwesu alikiokota kwenye behewa miaka hiyo, kimesahauliwa na abiria, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hakuna anayejua nani alikitunga. Ndani mna hadithi fupi fupi za upelelezi, zile za kizamani: nchi za baridi, ukungu, farasi, makoti marefu, na mpelelezi anayeingia chumbani, akatazama zulia, kisha akasema neno moja watu wote wakakaa chini. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee Uwesu husoma kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo papo hapo, na mpaka leo hakuna ajuaye kitabu kinakoma wapi na Stesheni anaanzia wapi.

Siku hiyo walikuwa wakibishania hadithi ya jana, na Abdulatifu ndiye aliyeuchokoza moto.

— Mimi nina jambo linanikera, alisema, akipuliza kahawa. Huyu mpelelezi kila anapokwenda mtu anakufa. Anaalikwa chakula, mtu anakufa. Anakwenda mapumziko, mtu anakufa. Nyie hamshtuki?

— Tushtuke nini? aliuliza Mzee Uwesu.

— Muuaji ni yeye, bwana! Hadithi zote hizo muuaji ni mmoja, halafu ndiye anayeshukuriwa.

— Redio, tafadhali ondoka kwenye reli, treni inapita.

— Mimi nashangaa hana mke, alisema Shamila.

— Mke anahusiana nini na upelelezi?

— Mwenye mke hawezi kazi ile. Akirudi nyumbani angeulizwa yeye.

Abdulatifu alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kidole. Akatoa simu mfukoni, akaipungia hewani.

— Halafu mnajitesa bure. Humu ndani nina filamu za upelelezi, sehemu hamsini na kitu, picha safi, damu unaiona inavyotiririka. Ninyi mnang'ang'ana na kitabu kimeliwa na mende.

— Sehemu hamsini, alisema Mzee Uwesu. Na mwisho wake unaujua?

— Sijafika.

— Basi nyamaza. Hadithi fupi inaondoka stesheni baada ya alasiri, inafika kabla ya magharibi. Mtu anakwenda kuswali akimjua muuaji. Niambie ni jambo gani jingine la dunia hii limewahi kukupa raha hiyo. Umeme ulikatika juzi, mpaka leo unajua nani alikosea?

Abdulatifu akarudisha simu mfukoni. Mzee Uwesu akaona njia nyeupe, akaongeza mwendo.

— Na msidhani mambo haya ni ya Wazungu. Upelelezi umeanzia hapahapa, Unyanyembe.

— Weee!

— Sikiliza. Misafara ilitoka pwani na mizigo ya nguo na shanga, watu wametembea miezi. Wanafika hapa, wanatua, wanafungua mzigo, shanga pungufu. Unadhani walifanyaje? Kirangozi, yule kiongozi wa msafara, alitazama fundo la kamba. Alitazama nyayo. Alitazama nani amevuka mbuga yote ile na bega lake halijachubuka. Akasema, wewe, njoo hapa. Huyo ndiye mpelelezi wa kwanza duniani!

— Imeandikwa wapi hiyo?

— Humu. Kwenye kurasa zilizochanika.

— Na yale makoti marefu?

— Waliona kanzu, wakaitia vifungo kwa ajili ya baridi.

— Na tumbaku ya kwenye kiko? aliuliza Shamila, akimimina.

— Ya wapi kama si ya Urambo?

Jilala alikuwa kimya muda wote, akiizungusha kahawa kwenye kikombe kama anatafuta kitu chini yake. Hakuwa amekosa la kusema. Alikuwa analisubiri lake.

— Mninga leo amelala, alisema Abdulatifu. Wewe ndiye unayekuja kabla hata birika halijachemka. Utamu wenyewe unauona wapi?

— Wanauliza, alisema Jilala.

— Wanauliza nini?

— Wanauliza tu. Anaingia mtu na kofia yake, hamjui yeyote mle ndani, lakini anamuuliza kila mmoja. Mwenye nyumba anaulizwa, mfagizi anaulizwa. Ulikuwa wapi? Ulisikia nini? Na akishauliza anangoja jibu. Halafu kuna jambo moja nimeliona. Yule anayeshukiwa kwanza, yule ambaye nyumba nzima imeshamhukumu, sijasikia hata hadithi moja akawa ndiye.

— Hiyo ni mbinu ya mtunzi, ndugu yangu. Ili ukae.

— Iwe mbinu. Mimi naitaka hivyohivyo.

Alisema kwa ukali kidogo, na wenzake wakamwachia. Hawakujua kwamba Jilala, alipokuwa kijana, alikwenda kupasua mbao misituni huko Usinge, na aliporudi kwao Igunga alikuta nyumba ya mama yake mkubwa haina paa. Mama mkubwa ndiye aliyemlea. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamekufa, macho ya mama mkubwa yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika, na mganga mmoja aliyeletwa kutoka mbali akamnyooshea kidole kwamba ni mchawi. Mama mkubwa alikuwa ameondoka kijijini na kanga mbili na hakuonekana tena. Jilala alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza: alisema nini? Mlimuuliza nini? Wakamtazama kama mtu aliyeuliza rangi ya upepo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sasa, mwanamume mzima mwenye mvi kidevuni, alikaa kijiweni kila alasiri akisikiliza watu wa nchi ya mbali wakiulizwa mmoja mmoja, na kifua chake kilikuwa kinapata nafasi.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, Masolwa akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Kwenye misiba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta maturubai, na benchi lile liliegemea ukuta wake miaka yote bila neno. Lakini tangu madebe yake mawili ya asali yatoweke stoo, uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la mwenye msiba.

— Shikamoo, Mzee Uwesu.

— Marahaba, mwanangu. Asali imepatikana?

— Leo itajulikana ilipo. Nimemleta mtaalamu. Yuko njiani, na watu nimeshawaambia wakusanyike. Atamtaja mtu kwa jina.

Shamila ndiye aliyeuliza:

— Mtaalamu wa nini?

— Wa kuona.

— Kufuli la stoo lilivunjwa? aliuliza Jilala.

— Halikuvunjwa! Ndiyo maana nasema jambo hili si la kawaida.

— Kama halikuvunjwa, limefunguliwa. Ufunguo anao nani?

— Ninao mimi.

— Na nani?

— Na mdogo wangu, Lugembe.

— Lugembe yuko wapi?

— Amesafiri, amekwenda Nzega. Unataka kusema nini, Mninga?

— Sijasema kitu. Nauliza.

— Hayo ya kuulizana yabakie humo kwenye kitabu chenu cha makoti. Huku kwetu mwizi hatafutwi kwa kutazama zulia.

Akarudi ndani, akaubamiza mlango. Jilala akaona wazi, kama mtu anavyoona ufa kwenye ubao kabla haujapasuka, kwamba Masolwa alishalifikiria jina la mdogo wake, tena usiku mzima, na kwamba alikuwa tayari kulipokea jina lolote jingine litakaloletwa.

Na jina lenyewe kila mtu pale alilijua. Pembeni ya stoo, ukuta kwa ukuta, palikuwa na chumba kinachotazama uchochoro, na ndani yake alipanga mwanamke mzee aitwaye Ngollo. Alitoka vijiji vya Nzega, mjane, hana mtoto mjini. Alikaanga karanga juu ya moto wa kuni mchana kutwa, akazipeleka kuuza hadi Kipalapala, kwa wanafunzi wa seminari. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mtaalamu alifika kwa bodaboda. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, miwani ya jua, kibuyu kidogo kimefungwa shanga. Uchochoro ulikuwa umeshajaa: wenye maduka, vijana wa stendi, wanawake waliotoka bombani na ndoo zao. Alizunguka nyumba, akainusa stoo, akamwaga unga mweupe mlangoni, akanong'ona. Kisha akasimama mbele ya chumba cha pembeni na kunyoosha kibuyu.

— Humu, alisema. Asali imetoka kule, imepita ukutani, imeingia humu. Na si asali tu. Mmeyaona macho ya huyu bibi? Mnalala usingizi kweli, mnaishi na mtu mwenye macho kama yale?

Umati ukatoa mlio. Haukuwa mkubwa, mguno tu, lakini Jilala alihisi vinyweleo vinasimama. Huo ndio mlio uliotolewa Igunga yeye akiwa msituni na msumeno. Alikuwa akijiuliza miaka yote unafananaje, na sasa ameusikia.

Mlangoni, Ngollo alikuwa amesimama na kikaango mkononi. Hakulia wala hakujitetea. Aliwatazama watu mmoja mmoja kama anayewahesabu majirani zake.

— Mtoeni! mtu wa nyuma alipiga kelele. Chumba kipekuliwe!

Jilala akatua kikombe chini.

— Redio, shika upande huo.

— Upande wa nini?

— Wa benchi.

— Tunalipeleka wapi?

— Mlangoni kwake.

Abdulatifu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufanya jambo bila kulisemea kwanza, safari hii alinyanyua tu. Wakalibeba lile benchi la harusi iliyovunjika, wakapasua umati nalo kama wanaobeba jeneza, watu wakipisha kwa mazoea. Mzee Uwesu akafuata na kitabu kwapani. Shamila akaja na birika. Wakaliweka benchi kwa upana mbele ya mlango wa Ngollo, likauziba wote, nguzo hadi nguzo, na wakakaa juu yake, migongo kwa mwanamke, nyuso kwa watu.

— Kijiwe kimehama, alitangaza Mzee Uwesu.

Masolwa alikuja mbio, shingo imemvimba.

— Mnafanya nini? Hii ni nyumba yangu!

— Nyumba ni yako, alisema Jilala. Benchi silo lako. Na huyu mama hujamnunua.

— Mninga, ondoka hapo. Nakuheshimu, ondoka.

— Nikishauliza swali langu moja. Mkuu, alimgeukia yule mwenye miwani, wewe umemuuliza nini huyu mama?

— Mimi siulizi. Mimi naona.

— Hujamuuliza. Masolwa, wewe umemuuliza nini?

Masolwa akamtazama mtaalamu.

— Kuna mtu yeyote hapa amemuuliza kitu?

Wanawake wa ndoo walitazamana. Jilala akageuka kwenye benchi, akamwambia kwa sauti ya kawaida, kwa lile neno la nyumbani ambalo watu wa kwao humwitia mama:

— Mayu, siku asali ilipopotea, ulikuwa wapi?

Ngollo akatua kikaango.

— Nilikuwa Kipalapala. Mvua ilinikuta huko na karanga zangu, nikalala kwa Marcelina, yule anayefua nguo za mapadri. Nikarudi kesho yake, nikakuta watu wanapiga kelele stoo.

— Mbona hukusema?

— Nimsemeshe nani? Hakuna aliyeniuliza.

Abdulatifu alikuwa ameshatoa simu. Akatafuta namba, maana nusu ya simu za Kipalapala amezitengeneza yeye, akaiweka sauti ya nje na kuinyanyua juu ya vichwa vya watu.

— Dada Marcelina, habari za huko! Samahani, siku ile ya mvua kubwa, Bibi Ngollo alilala wapi?

— Si alilala hapa kwangu! sauti ikatoka, kubwa na safi. Nikampa na gunia ajifunike. Kwani ana nini? Anaumwa?

— Haumwi. Ahsante dada.

Watu wakaanza kunong'ona, na kwa muda mfupi Jilala alidhani imekwisha. Lakini yule mtaalamu alitabasamu.

— Mwili ulilala Kipalapala, alisema. Nani amewaambia mtu wa aina hii anasafiri na mwili?

Na umati, ambao ulikuwa umeanza kulegea, ukajikaza upya. Jilala akahisi kama aliyepigilia msumari ukapita hewani. Kwenye kitabu jambo kama lile lingetosha. Mtu angesema alikuwa mahali fulani, shahidi angethibitisha, na mambo yangekwisha. Hapa ushahidi ulikuwa umefika na kugeuzwa kuwa kosa jingine. Jiwe likatoka nyuma, halikumpiga mtu, lilipiga birika la Shamila. Kahawa ikamwagika yote ikatoa mvuke kwenye vumbi.

Shamila alilitazama birika lake lililobonyea. Kisha akasimama juu ya benchi na viatu vyake.

— Aliyerusha ajitokeze! Hajitokezi? Ana mkono lakini uso hana! Na wewe wa miwani, ulichofanya hapa kinaitwa ramli chonganishi, serikali imekikataza, na mimi namba ya polisi ninayo. Abdulatifu, lete simu!

— Piga, alisema mtaalamu, lakini alitupa jicho kuelekea ilipoegeshwa bodaboda.

— Sihami hapa, alisema Jilala. Hakupaza sauti. — Mkitaka kuingia, mtapita juu yangu, na kesho mtakuwa mnanieleza mliuliza nini kwanza.

— Nami nimestaafu, alisema Mzee Uwesu. Sina pa kuwahi. Akavaa miwani yake ya kusomea, akalamba kidole, akafunua kitabu katikati, pahali ambapo hakuwa amewahi kusoma. — Treni inaingia. Wenye kusikiliza wakae, wasiotaka wasituzibie mwanga.

Akaanza. Sauti yake, iliyozoea kushindana na injini, ilijaza uchochoro. Kulikuwa na nyumba juu ya kilima, theluji imefunika njia zote. Ndani, wageni wamekaa mezani. Ukutani palikuwa na saa ya fedha aliyoiacha marehemu bwana wa nyumba, na walipoinua macho kutoka kwenye supu, saa haikuwepo. Mlango haukufunguliwa. Nje, kwenye theluji, hakuna unyayo hata mmoja. Papo hapo wakamkamata mpishi, kwa sababu mikono yake ilikuwa inanuka dawa ya kusugulia fedha. Wakamfungia jikoni.

— Lakini si ndiye anayeisugua kila siku! mwanamke mmoja wa ndoo alisema.

— Ndivyo alivyosema mpishi, alijibu Mzee Uwesu bila kuinua kichwa. Hakuna aliyemsikiliza.

Mpelelezi akafika, amelowa. Akamuuliza mjane. Akamuuliza daktari, mgeni wao. Akamuuliza kijana wa marehemu, aliyesema yeye alikuwa ngazini, akaisikia saa ikigonga vizuri kabisa, kwa hiyo wakati huo ilikuwepo bado.

— Ni daktari, alisema kijana wa stendi. Madaktari wana mifuko mikubwa.

— Acha hizo! Ni mjane mwenyewe. Anataka kuolewa tena, saa inamkumbusha.

— Unyayo hakuna nje, maana yake kitu kiko ndani. Wameangalia kwenye supu?

— Saa nzima kwenye supu, wewe?

Mwanamke wa ndoo alikuwa ameshakaa juu ya ndoo yake. Mwenye duka la vitenge alisogea mbele asikie vizuri. Jilala alitazama zile nyuso, zilezile zilizotoa ule mlio, na akaona zimebadilika namna zinavyotazama. Zilikuwa zinatafuta. Kila mmoja alikuwa na mtu wake na sababu yake, na aliyekosa sababu alichekwa.

Mwisho mpelelezi akashuka jikoni, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amekwenda, akavuta kigoda, akamuuliza mpishi: niambie lolote kuhusu saa hiyo. Mpishi akafuta machozi. Akasema...

Mzee Uwesu akafunga kitabu, kidole kimebaki ndani.

— Akasemaje? watu waliuliza kwa pamoja.

— Sisomi.

— Mzee, acha utani!

— Sisomi mbele ya mtu anayetaja majina bila kuuliza. Hii ni hadithi ya watu wanaouliza. Akiondoka yule, nitamaliza. Asipoondoka, ninakwenda nayo nyumbani, na hamtajua mpaka kiama.

Kijana wa stendi akamgeukia yule mtaalamu, si kwa hasira, ila kama abiria anayemwomba mwenzake asogeze mzigo.

— Mkuu, si uende tu? Tumalizie.

Mtu akacheka. Mwingine akadakia. Shamila naye alikuwa na simu sikioni, anasema kwa sauti: "Ndiyo afande, Kanyenye, nyuma ya maduka." Yule mwenye miwani alifunga kibuyu chake, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, akapanda bodaboda. Wachache walimfuata wakilaani kwamba mji umeharibika. Waliobaki walikuwa wengi kuliko walioondoka.

— Akasema, aliendelea Mzee Uwesu, saa ile haijagonga tangu bwana afariki. Inakwenda, lakini kugonga iligoma siku ileile. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi ninayeisugua.

Mwanamke wa ndoo akapiga kofi paja lake.

— Kijana! Kijana amesema aliisikia ikigonga!

— Mtoto wa nyumba! Wa damu yao!

— Walikuwa wanamficha, wakamtupia mpishi!

Masolwa alikuwa amesimama kando, ameegemea mlango wa stoo yake ambao haukuvunjwa. Alisikia kila neno. Watu walipoanza kutawanyika, wakibishana bado, hakuna aliyemtaja Lugembe, lakini wengi, wakipita, walilitazama lile kufuli. Yeye hakuondoka. Labda hakuwa na pa kwenda ambapo pangekuwa tofauti.

Ndipo Ngollo akamgusa Jilala bega, apishwe. Miaka yote aliyoishi hapo hajawahi kukaa kijiweni. Alipita tu na sinia la karanga, akaamkiwa, akaendelea. Sasa Jilala alisogea, naye akavuka na kukaa katikati yao, akajifunga kanga vizuri.

— Mzee Uwesu, alisema. Hadithi yako nimeisikia yote. Nzuri. Lakini nauliza, yule mpishi alipofunguliwa, ilikuwaje? Alirudi kuwapikia watu walewale?

Mzee Uwesu akafunua ukurasa. Akaufunua na wa pili. Palianza hadithi nyingine, kuna meli na mtu aliyepotea. Akarudi nyuma, akapitisha kidole mstari wa mwisho, midomo ikicheza. Jilala alimtazama akitegemea, kwa mara ya kwanza, kwamba atatunga. Mzee hakutunga.

— Hakisemi, alisema.

— Hakisemi?

— Kinaishia pale kijana anapokamatwa.

Jilala alikuwa amezisikia hadithi zile zote. Alijaribu kumkumbuka hata mshukiwa mmoja wa kwanza ambaye walirudi kumwangalia, wakamuuliza amelalaje. Hakumpata.

Ngollo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitisha bei aliyokuwa akiikisia. Kisha akainua yale macho yake mekundu, akayapeleka moja kwa moja mlangoni pa stoo.

— Basi nimuulize mwenye nyumba. Masolwa mwanangu, mimi sihami. Kodi yangu sina deni nayo, na mahali pa kwenda sina haja napo. Kesho asubuhi nitatoka na ndoo yangu kama kawaida, nitakukuta bombani. Utaniamkia?

Masolwa alitazama chini. Adhana ya magharibi ikaanza, na Mzee Uwesu, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kunyanyuka, hakunyanyuka. Walikaa wote wanne na yule mwanamke katikati, wamemkazia macho mwenye nyumba, wanangoja jibu.